Ni Mkono Uliochelewa, au Ni Kioo?



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme juu ya jambo ambalo wengine wataona halistahili gazeti la shule, nalo ni vioo vya kuchezea gemu. Wako walimu wetu ambao wakilisikia neno hilo hukunja uso, na pengine wana haki. Lakini safari hii jambo lenyewe limegusa fedha za watu na jina la mwenzetu mmoja, kwa hiyo halifai kunyamaziwa.

Wote mwajua kuwa kaka zetu waliomaliza masomo wameazimia kuchanga fedha ili chama chetu cha michezo kipate televisheni mpya, bapa, ya inchi 55, ati tusiaibike tena kama tulivyoaibika Rumonge. Shukrani zetu kwao ni nyingi, na mimi sina nia ya kumrudishia mkono mtu anayenipa. Walakini nasema tungoje kwanza. Tena nasema kwamba kule Rumonge hatukuaibishwa na mkono wa mtu.

Siku ile nilikuwapo. Ukumbi ulikuwa mzuri, televisheni imetundikwa ukutani kama dirisha, na picha yake ilikuwa laini hata watu wakasema ni kama kutazama mpira wenyewe uwanjani. Mwenzetu alipokaa na kushika pedi, ile ambayo sisi huku twaiita manete, dakika mbili tu zilinitosha kujua kwamba mambo si mazuri. Kila pasi yake ilikwenda pale mchezaji alipokuwa, si pale alipo. Akipiga shuti, beki amekwisha fika. Mara kwa mara aliitazama manete mkononi kana kwamba imemsaliti. Alifungwa mabao matano. Wenyeji, ambao kila juma huchezea kioo kile kile, hawakuona kasoro yoyote. Vidole vyao vimekwisha jifunza kutangulia. Tukarudi na gari la jioni, na kabla hatujafika nyumbani jina lilikuwa limepatikana: Mkono Mzito. Tangu siku ile hajaingia tena katika chumba chetu cha michezo, na huyu ndiye aliyetufunga sisi sote mwaka mzima.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na nimesoma nilivyoweza kusoma. Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na wauzaji wa televisheni hawana haraka ya kutusaidia kuyatenganisha.

La kwanza ni kuchelewa. Umebonyeza kitufe sasa, na kioo kinakuonyesha baadaye. La pili ni ukungu wa mwendo. Mpira ukienda kasi, au uwanja wote ukisogea, picha hufifia na kuburuta mkia, hata namba za mgongoni hazisomeki. Ukungu huonwa na kila mtu aliyemo chumbani, hata mpita njia aliyesimama mlangoni. Kuchelewa hakuonwi na mtu ila yule mmoja aliyeshika manete, naye hakuoni kwa macho bali hukusikia vidoleni. Basi mtu akienda dukani na fedha za mchango, hununua kwa macho. Hupewa dawa ya ukungu, naye hakuuliza habari ya kuchelewa. Na hapa ndipo penye shida, maana dawa moja ya ukungu inayouzwa sana ndiyo sumu ya huo ugonjwa mwingine.

Nitaanza na kuchelewa kwa kuwa ndiko kulikomwumiza mwenzetu. Televisheni ya siku hizi ni kompyuta. Picha ikifika kwa waya haionyeshwi papo hapo. Hupitishwa mikononi mwa mafundi wengi waliomo ndani. Huyu huondoa chengachenga, yule hukoleza rangi, wa tatu hunoa kingo, wa nne huikuza mpaka ijae kioo. Kila fundi ana muda wake. Ukitazama sinema au taarifa ya habari haidhuru kitu, kwa sababu televisheni huichelewesha na sauti pia, ikalingana na midomo ya watu, nawe hujui kwamba umeletewa kila kitu kikiwa kimepoa kidogo. Katika gemu utajua, maana wewe mwenyewe ndiwe uliyekianzisha.

Televisheni nyingi zikiachwa katika hali ya sinema huchelewesha kwa milisekunde 100 na pengine zaidi, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Zile za miaka ya karibuni zikiwekwa katika hali ya mchezo hushuka hadi 20 hivi, nyingine chini ya hapo. Mtu atacheka, sehemu ya kumi ya sekunde ni kitu gani? Basi na tuhesabu kwa mpira wa kweli. Penalti hupigwa toka mita 11. Mpira ukienda kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huufikia mstari wa goli kwa milisekunde 400 tu. Macho ya mtu yakiona jambo, mkono wake huhitaji milisekunde 200 hadi 250 kabla haujafanya lolote. Kipa amebakiwa na milisekunde 150 au 200 za kuruka. Sasa mwondolee 100. Hivyo ndivyo mwenzetu alivyocheza dakika zote za mchezo, huku sisi tukimpigia mluzi.

Huyu amejifunza kucheza wapi? Katika chumba chetu, kwenye PS3 iliyofungwa kwa ule waya wa vichwa vitatu, mwekundu, mweupe na wa manjano, katika televisheni kuukuu ya chogo. Televisheni ya chogo haina mafundi ndani. Ishara ikiingia kwa waya, huchorwa kiooni karibu papo hapo. Vidole vyake vilipatana na mashine isiyochelewa, kisha tukampeleka mbele ya mashine inayochelewa, bila hata dakika kumi za kuizoea. Mtu akizoea mtumbwi mwepesi wa kasia moja, mkampandisha mashua nzito yenye usukani mlegevu, akagonga gati, mtasema hajui maji?

Sasa nije kwenye ukungu, maana nao una haki yake, tena una elimu nzuri ndani yake.

Simama kando ya barabara ya ziwani, gari la abiria likipita mbio. Ukikaza macho kwenye mchikichi ulio ng'ambo ya barabara, maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa gari hupita kama rangi iliyopakwa kwa kidole. Lakini ukiyaacha macho yafuatane na gari, utayasoma. Hiyo ni kazi ya jicho, hufuata kitu kwa kuteleza pamoja nacho. Sasa angalia kioo bapa. Mpira hausogei kiooni. Huchorwa mahali, ukakaa pale bila kutikisika kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, kisha ukachorwa mahali pengine, ukakaa tena. Jicho lako halijui habari hiyo. Lenyewe linateleza moja kwa moja. Basi katika muda ule mpira umesimama na jicho linakwenda, picha ya mpira hujipaka ndani ya jicho, na huo ndio ukungu. Mwingi wake hautoki kiooni, bali hutengenezwa na jicho kwa sababu ya kioo kinachoishikilia picha.

Hesabu yake ni rahisi hata kwa kidato cha kwanza. Kioo cha kawaida kina nukta 1920 kwa upana. Mpira ukikivuka kwa sekunde 2, unakwenda nukta 960 kwa sekunde. Kioo kikichorwa mara 60 kwa sekunde, kila hatua ni nukta 16, na ukungu nao ni upana huo huo. Kikichorwa mara 120, ni nukta 8. Mara 240, ni nukta 4. Ndiyo maana ya zile namba zinazopigiwa ngoma kwenye maboksi, 75 Hz, 144 Hz, 240 Hz. Si uongo, ni hesabu. Lakini lazima mashine nayo ilete picha nyingi hivyo. PS3 na PS4 hazipeleki zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Ukizifunga kwenye kioo cha 144 Hz, kioo kitakaa kama mpishi mwenye mafiga sita na unga wa sufuria moja. Kaka yetu mmoja amependekeza tununue kioo cha namna hiyo badala ya televisheni. Siku tutakapokuwa na kompyuta yenye nguvu au PS5, ambayo huweza kupeleka picha 120, nitamwunga mkono. Leo tutakuwa tumenunua namba.

Kuna na ukungu wa pili, mdogo kuliko wa kwanza, utokao kiooni kwenyewe. Ndani ya kioo bapa mna fuwele za maji zinazojigeuza ili kupitisha nuru au kuizuia, nazo hazigeuki mara moja. Zikikawia, mpira mweupe huacha kivuli nyuma yake. Watengenezaji huzisukuma kwa umeme mkali kidogo ili ziharakishe. Katika orodha ya kioo utaona pameandikwa "Overdrive" au "Response Time". Kipimo cha katikati kwa kawaida ndicho kizuri. Ukiweka cha mwisho, fuwele hupitiliza, kama dereva aliyekanyaga mafuta mno akapita kituo na abiria wanapiga kelele, na badala ya kivuli cheusi nyuma ya mchezaji unaona kivuli cheupe mfano wa jini. Ama ile "1 ms" iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi, msiipe moyo wote. Desturi ni kuipima safari ya fuwele toka sehemu 10 katika 100 hadi sehemu 90, bila mwanzo wala mwisho wake, tena katika hali ile impendezayo mtengenezaji.

Sasa ile dawa iliyo sumu. Televisheni kubwa nyingi zina ufundi wa kulainisha mwendo. Sony huuita Motionflow, LG TruMotion, Samsung Auto Motion Plus. Kazi yake ni kubuni picha ambazo hazikuletwa. Inapokea picha ya kwanza na ya pili, kisha yatunga ya katikati na kuichomeka. Mwendo unakuwa laini, ukungu unapungua, na watu wanasema ni kama uwanjani. Lakini hebu fikirini kidogo. Ili kutunga picha ya katikati lazima ingoje ya pili ifike kwanza. Haiwezi kujua mpira uko katikati ya wapi na wapi mpaka iwe imeuona ulikokwenda. Hapana budi ichelewe, na muda wa kutunga bado haujahesabiwa. Ulaini ule tuliousifu Rumonge, sisi watazamaji, nauona kuwa ndio uliomfunga mwenzetu mabao matano. Sisi tulikuwa tunakula picha, na yeye ndiye aliyekuwa akilipa.

Nami naogopa kwamba televisheni ya inchi 55 tutakayonunuliwa itafunguliwa, itawashwa, na itaachwa vile ilivyotoka dukani, kwa kuwa kaka zetu watakapokuja siku ya sikukuu watakaa kwenye viti wakatazama, hawatashika manete.

Kwa hiyo jambo la kwanza halihitaji faranga hata moja. Televisheni yoyote bapa, yetu au ya jirani, kabla ya kucheza chukua rimoti, ingia palipoandikwa "Picture", au "Image" kama inasema Kifaransa kama zetu nyingi. Chagua "Game" au "Jeu". Zima kulainisha mwendo, zima kuondoa chengachenga. Katika baadhi ya televisheni, ukiupa mlango wa HDMI jina la "PC", mafundi wengi waliomo ndani huenda likizo. Rangi zitapauka kidogo, na mtu aliyekaa nyuma atalalamika. Mwache alalamike. Tangu kanuni za HDMI 2.1 zilipotolewa mwaka 2017, ziko televisheni na mashine mpya zinazopashana habari zenyewe ili hali ya mchezo ijiwashe, lakini PS3 yetu, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, haina elimu hiyo. Ikiwa tunaalikwa kwa mashindano, nahodha wetu aombe jambo hili kwa adabu kabla ya kuanza, kama vile anavyokagua nyavu na upepo wa mpira. Wenyeji wetu wa Rumonge si watu wabaya, hawakujua, nasi hatukujua.

La pili ni habari ya televisheni ya chogo, ambayo nasikia inatakiwa kuondolewa chumbani siku ile ile mpya itakapofika. Mimi naitetea. Kama hakuna mwingine wa kuitetea, na iandikwe kwamba alikuwapo mmoja.

Wavuvi wetu wa ndagala watanielewa upesi kuliko wengine. Usiku wa masika, uko ziwani, umeme wa radi ukapiga juu ya milima ya Kongo. Kwa nukta ya muda tu waliona wimbi limesimama, na povu lake, na kila tone, wazi kama limechongwa, kisha giza. Wimbi lilikuwa likienda mbio, lakini nuru ilikuwa fupi mno hata jicho halikupata nafasi ya kulipaka. Televisheni ya chogo hufanya hivyo hivyo. Mshale wa elektroni hupita juu ya kioo, kila nukta huwaka kwa kitambo kifupi sana ikazimika, ikangoja zamu yake. Jicho hupata kumweko, halipati picha iliyoshikiliwa. Ndiyo sababu mpira katika kile kioo chetu kibovu chenye mkwaruzo pembeni ni mkali kuliko katika bapa ya bei kubwa. Watengenezaji wa vioo vipya walikwisha lijua jambo hili, wakaweka taa ya nyuma inayowaka na kuzima kwa kila picha. Hufaa, lakini hula nuru nyingi, na katika chumba chetu, mlango wazi na jua la saa sita linarudi toka ziwani, hutaona kitu. Wengine pia huumwa na kichwa kwa kule kumweka.

Huko Marekani uko mchezo uitwao Super Smash Bros. Melee, wa mwaka 2001, uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ya GameCube. Mpaka leo vijana wa kule hubeba televisheni za chogo mabegani, mizigo mizito kama gunia la muhogo, wakazipeleka kwenye mashindano yao kwa sababu hazichelewi. Watu wa nchi yenye kila kioo kipya! Na mimi hapa kwetu nimeona kwa macho yangu moja iliyofanywa tundu la kuku. Kuku wenyewe walionekana kuridhika.

Vilevile PS2 zilizojaa katika vibanda vya pwani hii, mashine ya mwaka 2000 ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, zilizaliwa kwa ajili ya chogo. Ukiifunga PS2 kwenye bapa, ile bapa yapaswa kwanza iunganishe nusu-picha zinazokuja kwa zamu, kisha izikuze, na yote hayo ni muda.

Sitaficha ubaya wa chogo. Hula umeme kuliko kioo bapa cha ukubwa ule ule, na mahali ambapo twategemea betri na jua hilo si neno dogo. Ikifa, vipuri ni taabu. Tena ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kung'olewa ukutani, kwa hiyo yule ndugu wa kidato cha tatu aliyeifungua kwa bisibisi mwezi uliopita asirudie tena, nampenda akiwa hai. Na iko siku itakufa. Kwa hiyo sisemi tuishi nayo milele, nasema isitupwe kabla haijafa, hasa kwa ajili ya kitu kitakachotuchelewesha.

Wataniuliza, basi fedha za mchango zifanye nini? Jawabu langu litawachukiza wapenda ukubwa. Tununue vioo viwili vya kompyuta vilivyokwisha tumika, vya inchi 22 au 24, vile vya maofisini vinavyoletwa kwa meli pamoja na mitumba mingine, vyenye mlango wa HDMI. Kioo cha kompyuta hakina mafundi wengi ndani, kwa sababu kazi yake ni kufuata mkono wa mtu: karani akisogeza kipanya, kishale lazima kisogee hapo hapo, la sivyo karani atakirudisha dukani. Kwa hiyo hata kile cha bei ndogo, cha 60 Hz, kwa kawaida huchelewa kidogo sana. Upungufu wake ni kwamba vingi havina sauti, basi na kipatikane kipaza sauti kidogo. Fedha itakayosalia inunue manete mbili nzima, maana zetu zina kifimbo kilicholegea, na stabilaiza ya kutulinda na umeme unaopanda na kushuka. Vioo viwili maana yake watu wanne wanacheza kwa wakati mmoja badala ya wawili kucheza na ishirini kungoja. Kwa watazamaji wa sikukuu hakutakuwa na fahari kubwa. Nakubali.

Kaka yetu mwingine, aliyeko Ulaya, ameandika kwa wema kwamba yafaa tupate intaneti nzuri tucheze naye na wengine kutoka huko huko. Nimefurahi, ila kuchelewa kwa namna hii hakuna rimoti ya kukuondoa. Nuru ndani ya waya wa kioo hukimbia kilomita 200 hivi kwa kila milisekunde. Toka hapa kwetu mpaka kusini mwa Ufaransa ni karibu kilomita 6000 kama ndege arukavyo. Kwenda na kurudi ni kilomita 12000, ambazo ni milisekunde 60 hata kama waya ungenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Nao haunyooki. Sisi hatuna bahari. Ujumbe wetu lazima kwanza uvuke nchi za jirani mpaka pwani, kwenye nyaya zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ndipo uzunguke. Tutamsalimu kwa intaneti, na mchezo tutamngojea likizoni.

Wala tusidhani kwamba asiyekuwa na intaneti nzuri hawezi kuwa mchezaji. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, Pakistan, aitwaye Arslan Ash, alishinda mashindano makubwa ya Tekken 7 huko Japani, na mwaka ule ule akashinda na ya Marekani. Wenzake waliomnoa walikuwa wa mitaani kwao, wamekaa naye bega kwa bega kioo kimoja. Na karibu nasi, Kenya, yuko dada Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, ambaye mwaka 2018 alichukuliwa na timu ya ng'ambo kwa ajili ya mchezo huo huo. Tekken huenda kwa picha 60 kila sekunde, na ngumi iliyo nyepesi hufika katika picha ya 10. Kioo kinachochelewa kwa milisekunde 100 kimekula picha 6 kati ya hizo. Mchezaji wa namna yao hawezi kukaa mbele yake hata robo saa.

Yamebaki maneno ya wale watakaosema kwamba namtetea rafiki kwa nadharia. Nimejiandaa. Kuchelewa hupimika, bila mashine ya maabara. Simu nyingi za siku hizi zina kamera ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde, kila picha ni milisekunde 4 na kidogo. Unampiga picha mtu akibonyeza kitufe, kioo kikiwa nyuma yake katika picha hiyo hiyo. Kisha unaipitisha moja moja, ukihesabu toka kidole kilipogusa chini hadi mchezaji kiooni alipoanza kutikisika. Zikiwa picha 24, ni milisekunde 100. Zisiwashtue, kwa kuwa manete na mashine na mchezo wenyewe navyo vina muda wao hata kioo kikiwa bora. Kinachotazamwa ni tofauti baina ya kioo na kioo, au baina ya hali ya sinema na hali ya mchezo. Rudia mara kumi, chukua wastani, kama tulivyofundishwa katika fizikia.

Mwalimu wa fizikia ameturuhusu kutumia chumba chake Jumamosi baada ya masomo. Televisheni ya chogo tutaibeba wanne. Bapa tumeazimwa na jirani mmoja wa shule, kwa sharti kwamba tuirudishe kabla ya taarifa ya habari, na tutaipima mara mbili, kwanza vile ilivyo, kisha baada ya kuiweka katika hali ya mchezo. Kaka zetu walio karibu nawaalika kwa heshima kubwa, hasa mtunza hazina. Nilikwenda kwao mwenzetu juzi jioni, nikamkuta akitengeneza nyavu na baba yake. Nilimweleza yote haya, akasikiliza bila kusema, kisha akauliza kama kidole kitakachopigwa picha lazima kiwe chake. Nikamwambia ndiyo. Amesema atakuja.